Waliokosa Namba ya Kitanda

"Hivi nani aliandika kwamba asiye na kitanda amekufa?"

Ofisi nzima ya kumbukumbu za hospitali iliinamia meza zake kama haikusikia. Aliyeuliza alikuwa karani mpya, binti waliyembandika jina la Kidomo kwa kuwa chuoni alishinda midahalo na hapa alikuwa hajajifunza kunyamaza.

Kila saa sita mchana kompyuta ilipitia orodha ya wagonjwa na kumhukumu kila mmoja kwa mistari mitatu, kuanzia juu. Kama ana namba ya kitanda, andika YUPO. Kama ana tarehe ya kuruhusiwa, andika KATOKA. Vinginevyo, andika MAREHEMU. Sasa wale wa benchi la korido, waliokuwa bado wanangoja kitanda, hawakuwa na hiki wala kile. Wiki ile walikuwa saba. Saa sita printa iliwatoa marehemu; kabla ya saa saba walikuwa wamekata roho kweli, na karatasi zao zikinuka udongo mbichi.

"Tuliikuta hivyo, mwanangu," mkuu wa ofisi alinong'ona. "Aliyeigusa mara ya mwisho hatukumwona tena."

"Kwa hiyo mmezoea! Shangazi yangu yuko kwenye benchi lile tangu asubuhi."

Zilibaki dakika nne kufika saa sita. Kidomo akaketi, akaongeza mstari juu ya ule wa tatu: kama pote ni patupu, nenda ukamwone. Mstari ukateleza wenyewe hadi chini kabisa, baada ya ule wa MAREHEMU, mahali ambapo kompyuta haifiki. Jua likiwaka dirishani, chumba kikanuka kaburi.

"Patupu ni pangu," printa ikasema, sauti kavu. "Mlinipa wenyewe."

"Nani alikupa? Patupu si kifo. Patupu ni hatujui!"

Vidole vya baridi visivyoonekana vikamkamata viganja, naye akazidi kuchapa, herufi zikifutika nyuma yake na yeye akizirudia, mkuu akimsihi aache kwa sauti ya kulia, printa ikianza kuvuta karatasi bila kuamriwa, mpaka ikamjia ile kanuni iliyowanyamazisha wapinzani wake wote chuoni: anayedai ndiye athibitishe. Akaandika pale pa mstari wa tatu: Kama daktari ametia sahihi ya kifo, andika MAREHEMU. Vinginevyo, andika NENDA UKAMWONE.

"Haya, tia sahihi," akaiambia printa. "Nakusubiri."

Printa ikakoroma. Kisha ikatoa karatasi moja, jina la shangazi juu, na chini yake: NENDA UKAMWONE.

Kidomo akatoka mbio.

"We mtoto!" shangazi akamfokea kutoka benchini. "Hata maji ya kunywa? Au hapa mnahudumia maiti tu?"

"Walikuwa wanahudumia maiti, shangazi. Nishike bega, twende tukadai kitanda."

Hicho kilichomo kwenye printa hakijahama lakini. Kila asubuhi neno la zamani huwa limerudi kwenye mstari wa mwisho, na kibodi ina udongo. Kidomo huupangusa, akaandika upya. Ila naye ni mmoja, na ana siku za kuumwa. Basi ukimpeleka mgonjwa wako huko, tafadhali, usimwache tu benchini: ingia ofisini kabla ya saa sita, uliza ameandikwa nini.