Tela Moja, Mizigo Miwili

Kila siku akitoka shule, Spana alivua sare, akala chapuchapu, kisha akapanda mlima hadi nyumba ya wageni kumsaidia mama yake. Mama alikuwa dobi. Asubuhi alipeleka taulo na mashuka yaliyopigwa pasi. Jioni aliteremka na machafu, tena yamelowa chepechepe, yakiwa yamefungwa robota juu ya keria ya baiskeli.

Wiki iliyopita robota lilimshinda nguvu kwenye mteremko. Baiskeli ikaenda zake, Mama akaangukia bega na kuliumiza. Tangu siku hiyo alikuwa akianika nguo kwa mkono mmoja.

Spana, ambaye hakuweza kuona nati iliyolegea akaipita, aliamua kuunda tela ya kufungwa nyuma ya baiskeli. Bodi aliitengeneza kwa mbao za kitanda kibovu. Yalibaki magurudumu, ekseli ya kuyashikilia, na breki, na Mama alitaka kuanza kuitumia Jumatatu.

Ijumaa alikwenda kwa Cheche, fundi wa kuchomelea. Vijana wa karakana walipoiona ile bodi waliangua kicheko.

"Dada, hicho ni kigari cha mwanasesere?"

Spana alipandwa na hasira. "Cha mwanasesere? Kitabeba kilo mia mbili!"

Cheche alivua miwani yake myeusi. "Mia mbili? Basi ekseli iwe nene kama mpini wa jembe. Magurudumu ya gari dogo. Na breki kila gurudumu."

Kutoka hapo Spana alikwenda kwa Bi Spoki, mama anayetengeneza baiskeli. Safari hii aliogopa kwamba akitaja uzito, atafukuzwa.

"Ni vinguo tu, shangazi. Vyepesi kama pamba."

"Aa, vinguo! Chukua magurudumu haya ya baiskeli na ekseli zake. Breki za nini? Za baiskeli zinatosha."

Usiku huo aliandika majibu yote mawili daftarini, akayatazama mpaka macho yakauma. Ekseli nene, ekseli nyembamba. Breki mbili, breki hakuna. Mtu anayejua kazi yake anawezaje kusema hivi, na mwingine anayejua kazi yake aseme vile? Alifuta, akaandika, akafuta tena. Ni nani aliyekuwa akimdanganya? Na akikosea, ni Mama atakayeteremka na kosa hilo mgongoni.

Jumamosi asubuhi alirudi kwa Cheche. "Fundi, mbona Bi Spoki anasema breki hazihitajiki?"

"Nani kasema?" Cheche alitupa koleo. "Mteremko ule, bila breki? Twende!"

Walimkuta Bi Spoki akinyoosha rimu, na Mama yuko pale pale akijaziwa upepo baiskeli yake.

"Wewe Bi Spoki," Cheche alianza kabla ya salamu, "unataka kuua watu?"

"Salamu kwanza, jamani! Nimuue nani?"

"Kilo mia mbili, wewe unatoa ekseli ya baiskeli!"

"Mia mbili za wapi? Mtoto kaniambia vinguo vyepesi!"

Wote watatu wakamgeukia Spana.

Alitamani ardhi ipasuke. "Kule walinicheka," alisema kwa sauti ndogo, "nikaongeza. Huku niliogopa kukataliwa, nikapunguza."

"Na uzito wenyewe ni kiasi gani?" Mama aliuliza.

Spana hakujua. Siku zote hizo, hakuwahi kuupima.

Bi Spoki aliazima mizani kwa jirani anayenunua vyuma chakavu. Mama alileta robota la jana, ambalo lilikuwa bado limelowa. Mshale ulitikisika, ukatulia kwenye kilo sitini na nne.

"Si pamba hii," Bi Spoki alisema.

"Wala si mia mbili," Cheche alicheka. "Chuma cha mviringo, unene wa kidole gumba, kinatosha kabisa kwa ekseli."

"Na ekseli zangu zingepinda siku ya kwanza," Bi Spoki alikiri. " Nina magurudumu mawili ya pikipiki ndogo kuukuu, breki zake zimo ndani ya kitovu cha kila gurudumu. Waya utafika mpaka kwenye usukani."

Walibishana kidogo juu ya urefu wa waya, lakini sasa walibishana kuhusu tela moja. Jumapili nzima Cheche alichomelea, Bi Spoki akafunga nyaya, na Spana akakaza nati kila mahali.

Jumatatu jioni Mama aliteremka na mzigo wake. Katikati ya mteremko, pale alipoangukia, alibana breki. Tela ikasimama kimya nyuma yake. Spana, aliyekuwa akikimbia kando huku roho iko juu, alishusha pumzi.

"Umeona?" Mama alisema, akimfuta vumbi usoni. "Mafundi hawakukuchanganya, mwanangu. Wewe ndiye uliyewapa mizigo miwili, kila mmoja akakujibu kwa ule aliopewa. Ukitaka msaada, sema jambo kama lilivyo. Usilikuze ili uheshimiwe, wala usilipunguze ili ukubaliwe. Na kama hulijui, sema hulijui, kisha nenda ukapime."

"Ndiyo, Mama."

"Haya, shika hapa nyuma. Tunashuka."

"Nishike ya nini? Breki zipo!"

Mama alicheka, akaachia breki taratibu, na tela ikamfuata.