Tundu la Tumboni

Apa kwanza. Weka mkono kifuani, useme hutamwambia mtu. Umeapa? Haya. Hata mimi niliapa, tena mbele ya mashahidi, lakini mdomo wangu na siri ni maji na pakacha.

Alikuwepo mfinyanzi, mama wa mtoto mmoja, aliyefinyanga kila chenye uhai. Konokono, kinyonga, jongoo, samaki mwenye magamba ya kuhesabika. Udongo mtupu, lakini ukipita rafuni unataka kupiga hodi. Kila sanamu aliitoboa tumboni kwa sindano, kwa sababu kitu chenye uwazi ndani kikikosa pa kupumulia hupasuka tanurini.

Basi akaanza kukuta matundu yamezibwa. Kwa kidole.

Lilianza la chura. Jioni ile vyura wa mtaroni wakanyamaza. Likafuata la jogoo. Alfajiri jogoo wa jirani akapanda ukutani, akanyoosha shingo, akafungua mdomo...

Kimya.

Na tanurini hakikupasuka hata kimoja. Kana kwamba ndani hamkubaki hewa ya kukipasua.

Mfinyanzi akamshuku wifi yake, mpaka rangi wa sanamu hizo, mwenye ulimi kama wembe.

"Wifi, vidole vyako vinatafuta nini matumboni mwa sanamu zangu?"

"Vinatafuta adabu yako, wifi. Humu namo haimo."

"Wanangu, acheni hayo," mama mkwe akasema kutoka ngazini. Bibi huyo juzijuzi tu akipanda vidato vitatu anakaa, kifua kinalia kama mlango mbovu. Siku hiyo alipanda na ndoo ya udongo mkononi, anaimba. Dawa imemkubali, wakasema. Wakashukuru.

Mfinyanzi hakulala vizuri tangu hapo. Alihesabu vidole vya wifi yake mezani, akanusa hata chai aliyomiminiwa naye.

Kisha ikaja zamu ya binti yake. Miaka sita, walimwita Kasuku kwa jinsi alivyosema bila kituo. Mchana mmoja sentensi ikamkatikia katikati.

"Mama... pumzi yangu... inakwenda wapi?"

Jua lilipozama, mfinyanzi akaingia karakana kulowesha matambaa ya kufunikia sanamu mbichi. Akafunua la mwisho. Nyuma ya kobe palikuwa na nafasi tupu, na juu ya ubao, alama mbili za unyevu.

Nyayo. Ndogo kama kucha.

Yeye hakuwahi kufinyanga mtu.

Harufu ya udongo mbichi... na ya mafuta ya nywele za mwanawe. Halafu sauti, nyuma ya mlango wa stoo, kama mtu anayefyonza chai ya moto.

Fyuuu...

"Nimekupata, wifi," akanong'ona.

Papo hapo sauti ikapasuka kutoka sebuleni. "Jamani, njooni! Mtoto anageuka rangi! Wifi, uko wapi?"

Mfinyanzi akaganda.

Kama wifi yuko kule... huku ni nani?

Fyuuu...

Akapiga yowe, akausukuma mlango kwa bega. Majirani tuliokuwa tumekimbilia kelele za wifi tukajazana nyuma yake, saba, na taa mkononi. Wifi naye akafika, Kasuku begani kama nguo iliyoloa.

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya gunia la udongo. Mkononi ana kitoto cha udongo, nywele misuko minne, pengo la mbele, Kasuku mtupu. Midomo yake imeng'ang'ania tundu la tumboni, mashavu yamebonyea ndani. Dole gumba la mkono wa pili limeshika kitonge kibichi, tayari kuziba.

Taa ikamwangukia usoni. Akainua kichwa polepole, udongo umemzunguka mdomo kama mtoto aliyekula uji.

"Mama," mfinyanzi akasema, "ni wewe?"

Bibi akafungua kinywa kukana. Tukaisikia sauti wote saba, nyororo, ya miaka sita, yenye pengo la mbele:

"Mimi sijafanya kitu, mama."