Zamu ya Chumba cha Chini

Jioni ya Alhamisi Kazija alitoka nyumbani kwake Mkunazini kutafuta mafuta ya taa, akarudi hana mafuta, ana donge moyoni.

Mwaka huo wa 1971 kila kitu kilikuwa na foleni yake, na aliyechelewa alirudi na chupa tupu. Kazija alichelewa. Alikuwa akikata vichochoro kurudi nyumbani, adhana ya magharibi ndiyo kwanza inaanza, aliposikia mlio anaoujua. Pikipiki ya mumewe. Akajibanza ukutani ampishe, maana kichochoro kile hakitoshi mtu na pikipiki kwa pamoja.

Muhiddin akapita. Hakumuona mkewe.

Na nyuma yake alikaa mwanamke.

Alikaa upande, miguu pamoja, kajifunika buibui gubigubi. Mkono mmoja ulikuwa kiunoni kwa Muhiddin, una hina ambayo rangi yake haijaanza kufifia. Nyuma yao ukabaki moshi wa oili iliyoungua, na ndani ya moshi huo... harufu ya udi na asmini.

Kazija hakupiga kelele. Alifikiria kwanza yale anayoyafikiria kila mke: ni nani, wa mtaa gani, na tangu lini. Alikuwa ameshafika mlangoni kwake, ufunguo mkononi, ndipo lilipomjia jambo la pili.

Pikipiki ile haikuwa na pa kukaa mtu wa pili.

Ilikuwa pikipiki ya mashindano, zile wanazozikimbiza wazungu kwenye matope na vilima. Refu, nyembamba, haina taa wala honi. Kiti chake cha mtu mmoja, na nyuma ya kiti ni kipande cha bati jembamba la kuzuia tope, ambalo hata paka angelikalia lingepinda. Muhiddin aliikuta kwenye banda la nyumba moja ya Migombani, imeota kutu, kuku wanatagia juu yake. Siku aliyoisukuma kuileta nyumbani mtaa mzima ulicheka. Hamad, fundi cherehani wa nyumba ya jirani, alimuuliza kama ameinunua ya kupanda au ya kuchinja.

"Hawaijui," Muhiddin alimwambia mkewe usiku ule. "Wao wanataka za Kiingereza kwa kuwa zinang'aa. Hii nyepesi, Kazija, na nguvu zake zinaanza chini kabisa. Ukiipeleka mchangani haizami."

Kwa miezi minne kila alipotoka kazini kwenye gereji ya serikali alijifungia nayo chumba cha chini. Vipuri havikuwako Unguja nzima. Ringi za pistoni alizichonga kutoka kwenye ringi za pampu mbovu ya maji. Gasketi alizikata kwa mkasi kwenye majalada ya madaftari. Spoki alizinyoosha moja moja, akizigonga karibu na sikio kusikiliza kama zinalia sawa. Tangi alilipiga msasa kwa vidole mpaka likawa laini kama shavu la mtoto, akalipaka rangi nyekundu, akalisugua, akalipaka tena, mara tano. Kazija alikuwa akisimama mlangoni na kikombe cha chai kinachopoa mkononi, akiviangalia vidole vile. Ana miaka sita ya ndoa, hajajaaliwa mtoto, na hakumbuki lini mara ya mwisho aliguswa yeye kwa uangalifu ule.

Alikionea wivu chuma. Alijijua, na alijionea aibu, lakini wivu haukupungua kwa aibu.

Sasa alifungua mlango. Pikipiki ilikuwa imeshaingizwa chumba cha chini, injini yake bado inalialia kwa joto. Muhiddin alikuwa akiifuta kwa kitambaa, peke yake.

"Nani ulompakia?" akauliza Kazija.

"Nimpakie wapi? Mwenyewe unakiona kiti."

"Nimemuona, Muhiddin. Kwa macho yangu haya."

 Muhiddin aliendelea kufuta, taratibu, pale pale nyuma ya kiti. Kazija akainama akaangalia lile bati. Halikupinda hata kidogo. Lakini juu yake lilikuwapo ua moja la asmini, bichi, limetoka kuchumwa...

Usiku ule Muhiddin hakupanda juu. Alisema ana kazi ya kabureta.

Asubuhi yake Kazija alivaa buibui lake akaenda kwa miguu mpaka Migombani. Alimkuta Mzee Silima, mtunza bustani wa nyumba ile tangu zamani, akipalilia.

"Shikamoo, Mzee Silima."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mke wa yule aliyechukua pikipiki." Hakuuliza. Alilitia jembe ardhini akajifuta jasho. "Mumeo ameshaanza kulala nayo?"

"Kulala nayo? Mke ni mimi, mzee."

"Hayo ndiyo nnayouliza," akasema Silima, na sauti yake ikashuka. "Mwenyewe wa mwanzo alikuwa kijana wa nyumba hii, jina lake Shamsi. Aliondoka mwaka sitini na nne. Alikuwa na nyumba ya vyumba vinane, lakini kila usiku wa kuamkia Ijumaa akilala nayo bandani. Alioa mara mbili. Wake wote wawili walirudi kwao wenyewe, bila ya kuachwa."

"Kuna nini bandani?"

"Kuna mke mwenzio. Mimi sijamuona, nimemsikia akicheka tu. Nimemwambia mumeo kabla hajaichukua, naye akacheka. Akasema chuma tu hicho." Mzee akatazama huku na huku, akanong'ona. "Lakini sikiliza, mwanangu. Huyu si mla watu. Ana haki zake, basi. Usiku mmoja katika saba ni wake, na sita zako hazigusi. Zamu unaijua sharia yake. Usiku ulioibiwa hulipwa."

Kazija alirudi njia nzima akihesabu kwa vidole. Sita kwa moja. Wako wanawake wa mtaani kwake wenye wenza wa damu na nyama, na wanapata tatu na nusu, na wanacheka harusini kama watu wengine. Alijaribu kujituliza hivyo. Lakini mwanamke mwenye mwenza wa damu na nyama anaweza kumsengenya, kumtukana, hata kumvuta nywele. Yeye amvute nani?

Usiku wa siku hiyo hiyo alimbana mumewe.

"Uso wake ukoje?"

"Sijapata kumuona uso." Muhiddin aliangalia chini. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulikuwa umemchosha. "Nilipomaliza kuifunga injini, siku niliyoiwasha mara ya kwanza, nilihisi mikono kiunoni. Basi. Akiwapo, pikipiki haitikisiki. Inakwenda kama inateleza."

"Mikono ya baridi?"

"Hapana," akasema. "Ya moto."

Angelisema ya baridi, Kazija angeliogopa. Alisema ya moto, na Kazija akachukia kwa chuki ambayo hakujua kama anayo.

Alhamisi mbili alivumilia. Jua likizama anasikia mlango wa chini ukifunguliwa, mlio ukienda mpaka upotee njia ya Fuoni, kwenye machimbo ya mawe ambako Muhiddin aliruka vilima kwa raha yake. Baada ya isha wanarudi. Baadaye kimya, udi unapanda kwenye nyufa za boriti, na yeye amelala juu, macho kwenye dari. Asubuhi Muhiddin anapanda na uso wa mtu aliyelala vizuri. Huo uso ndio uliommaliza Kazija.

Alhamisi ya tatu, alasiri, akajilaza kitandani akaanza kuguna.

"Kifua kinanibana, Muhiddin. N'takufa."

Muhiddin akakaa kitako kando yake. Jua likawa linashuka. Kila akitaka kunyanyuka, Kazija anamkamata mkono, anaugulia. Adhana ikaadhiniwa, ikaisha.

Chini, mtu akaipiga pikipiki kiki ya kuiwasha.

Mara moja. Injini haikushika.

Muhiddin akasimama. Kazija akamng'ang'ania kwa mikono miwili, akamnong'oneza, "Usende. Leo usende."

Kiki ikapigwa mara ya pili.

Ya tatu ikashika. Injini ikanguruma pale pale ndani, chini ya miguu yao, bila ya mpandaji, ikapanda, ikapanda mpaka vikombe vikatetemeka kabatini... kisha ikazimika yenyewe.

Halafu hakuna kitu. Hata udi haukupanda usiku ule. Kazija alilala kifuani kwa mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu pikipiki iingie nyumbani alilala usingizi mzito. Alikuwa ameshinda. Muhiddin hakufumba jicho.

"Kifua hukuumwa," alimwambia asubuhi.

"Sikuumwa. Na ningekuwa na uwezo n'gefanya hivi kila wiki."

"Umemuibia, Kazija. Leo jioni nnakwenda kumlipa."

"Unakwenda kumlipa nani? Chuma? Mimi nimekaa miaka sita nakungoja uniangalie, hujanilipa hata siku moja!" Machozi yalikuwa yakimtoka, na ulimi ulikuwa umeshamponyoka. "Nenda! Nenda, na ukakae huko huko kwake!"

 Ingelikuwa siku nyingine Muhiddin angelimshika bega. Alishuka ngazi.

Ijumaa ile, jua linazama, mlio ukaondoka njia ya Fuoni. Isha ikapita, haukurudi. Kazija alikesha dirishani mpaka hasira zikageuka hofu, na hofu ikageuka tena hasira. Karibu na alfajiri ndipo aliposikia pikipiki ikiingia kichochoroni, pole pole mno, kama inayosukumwa na mtu mwenye mzigo. Mlango wa chini ukafunguka. Baada ya kitambo akasikia maji yakichotwa kwa kata na kumwagwa. Kata moja, kimya. Kata nyengine, kimya.

Anaoga, Kazija akajisemea. Katoka kwake, sasa anakoga janaba. Na aoge mpaka ang'oke ngozi.

Akageukia ukutani, akajifunika kichwa ili asisikie. Maji yaliendelea kwa muda mrefu sana.

Aliyemwamsha ni Hamad, fundi cherehani, akipiga hodi kwa sauti ya chini.

"Bi Kazija... Bi Kazija."

"Naam."

"Pole, dada yangu. Pole sana. Kwa nini hukutuita? Ungetuita tukakusaidia."

Kazija alishuka ngazi bila kuhisi ngazi. Mlango wa chumba cha chini ulikuwa wazi. Muhiddin alikuwa amelazwa juu ya mkeka, ameelekezwa kibla. Shingo ilikuwa imeteguka, na mavumbi meupe ya machimbo yalikuwa bado yamejaa kwenye nguo zilizokunjwa pembeni. Lakini mwilini hapakuwa na vumbi hata chembe. Alikuwa ameoshwa. Taya limefungwa kitambaa, vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja, nywele zimechanwa. Karafuu maiti ilinukia chumba kizima. Pikipiki imesimama pembeni, nyekundu, haina hata mchubuko.

"Nilipopita kwenda msikitini nilikusikia ukilia," alisema Hamad. "Nikasema ni mambo ya mke na mume, nisiingilie. Nisamehe."

Kazija hakuwa amelia.

Alikuja Maalim Usi, muosha maiti wa mtaa, na wanaume wawili wenye ndoo. Alimtazama marehemu kwa makini, akamgusa nyuma ya masikio, kati ya vidole, akatikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Kazi hii imefanywa kwa mapenzi," alisema. "Lakini lazima niulize, mwanangu. Kama hatumjui aliyeosha, sisi tutaosha tena, na wewe ukitaka utatia mkono wako, mke anayo ruhusa. Nani kamuosha?"

Ilikuwa ndiyo nafasi yake. Neno moja tu, sijui, na angelipewa kata mkononi, angelimgusa mumewe kwa mara ya mwisho. Kazija aliliona neno hilo, lipo tayari ulimini. Lakini kulisema ni kukiri mbele ya mtaa mzima kwamba yuko mwanamke mwengine aliyemlilia Muhiddin na kumuosha, wakati yeye amejifunika shuka juu.

"Mimi," akasema.

"Ulianza upande gani?"

"Wa kulia."

"Mungu akulipe," akasema Maalim Usi, na ndoo zikarudishwa nje zimejaa vile vile. Wanawake walioko mlangoni wakanong'onezana: huyo ndiye mke. Muhiddin akatiwa sandani, akaenda kaburini akiwa na mkono wa mwengine mwili mzima.

Jioni Bi Mwanamwema, bibi anayekalisha wajane eda mtaani, alikuja na nguo na mkeka. Alitandika chumba cha juu, akafunga madirisha, akamkalisha Kazija. Wageni walikuwa wameshaondoka. Nyumba ikatulia.

Ndipo wakasikia. Kilio cha chini chini, cha mtu aliyejiziba mdomo kwa nguo.

Bi Mwanamwema akainua kichwa. "Nani yule anayelia chini?"

"Hakuna mtu."

"Mwanangu, mtu analia. Kama marehemu alikuwa na mke mwengine, sema. Yeye pia ana eda yake, hatumnyimi."

"Hakuwa na mke mwengine," Kazija akasema, na alisema kwa sauti, akaielekeza sakafuni ili ifike. "Mjane ni mimi peke yangu."

Kilio kikakatika.

Mlango wa chini ukalia. Kisha ngazi ya kwanza. Ya pili. Hatua za mtu asiye na haraka, na vikuku vinagongana kidogo kila mguu unapopanda.  Bi Mwanamwema alikuwa amekalisha wajane wengi katika maisha yake. Akayasogeza mapaja yake, akaanza kuuvuta mkeka ili ipatikane nafasi ya mtu wa pili.

Kazija akaunyakua ule mkeka kwa mikono miwili. Akajinyoosha juu yake toka ukingo hadi ukingo, miguu ameipanua, kucha amezidunga kwenye ukili wa mkeka, akakataa kumpisha mtu.