Swichi Iliyokataa Kuwaka

Kilemba cha njozi kilikuwa kimeshaanza kuunguruma kichwani mwa Mzee Mbonea Mgonja, polepole, kama paka aliyeshiba, na nyuzi zake za fedha zilijitafutia njia katikati ya mvi bila kuelekezwa na mtu. Kazi ya kilemba ni moja tu: kumwamsha mtu ndani ya ndoto bila kumtoa ndotoni. Aliyekivaa hulala fofofo, mwili tuli, lakini akili inakaa macho na kujua, "Hapa naota." Watu wa Moshi waliiita hali hiyo ndoto-macho, na siku hizo hapakuwa na harusi wala mahafali bila mtu kuzawadiwa ndoto-macho.

Nyumba ya Njozi ilikuwa juu kabisa ya jengo refu. Ukisimama barazani unauona mlima, na vile vinyunyizi vya kuruka vinavyoshinda kutwa vikipuliza theluji juu ya kilele cha Kibo ili watalii wasinung'unike. Siku moja vilipotea njia, watu wa Marangu wakaamka wakakuta migomba yao imevaa kofia nyeupe.

Aikande Massawe, mwongoza-ndoto, alivuta kiti karibu na kitanda. Ilikuwa saa nane mchana, lakini mapazia mazito yalikifanya chumba kiwe usiku, na taa moja tu ndiyo iliyowaka.

"Uliza, mzee. Wanaoanza wote huuliza."

"Mtu unajisikiaje humo?"

"Kama umekaa kwenye sherehe ya watu, umejibana pembeni kigenigeni, halafu ghafla unakumbuka sherehe ni yako. Rangi zinakolea. Ukigusa ukuta unausikia ubaridi wake. Ila ukifurahi kupita kiasi unaamka, kwa hiyo furahi taratibu."

"Lo! Mchaga anafundisha watu kufurahi taratibu! Wewe ukiona pombe ya mbege hufurahi taratibu?"

"Kama wewe unavyofurahi ukiona makande."

Wote wakacheka. Mzee Mgonja ni Mpare, na Wapare na Wachaga ni watani; wana ruhusa ya kuchokozana popote, na msibani ndiyo zaidi. Hapo mtani huvaa nguo ya marehemu, akamwigiza alivyotembea na alivyogomba, mpaka wafiwa wanacheka wasipende. Wakishacheka, ndipo kilio chenyewe kinapotoka.

"Nikijifinya nitaumia?"

"Unaweza kuumia vilevile. Kujifinya hakuthibitishi kitu."

"Nikianguka?"

"Hakuna kuanguka, unaelea. Wengi hupenda kuruka."

"Na watu nitakaowakuta, ni wenyewe?"

"Hapana, mzee. Ni kichwa chako kinachowatengeneza."

"Hata Namkunda?"

Namkunda alikuwa mke wake, aliyezikwa kwao Usangi, Upareni, mwanzoni mwa mwaka. "Hata yeye," Aikande alijibu, akishusha sauti.

"Haya. Nitajuaje nimeamka kweli?"

Swali hilo ndilo Aikande alilokuwa akilingoja, kwa sababu wapo wanaoota kwamba wameamka, wakavaa viatu kabisa, kumbe bado wamelala. "Bonyeza swichi ya taa pale ukutani. Ndoto haijui kubadilisha mwanga wa chumba kizima mara moja. Swichi ikikataa, bado unaota. Kuna na njia ya kubana pua na kufunga mdomo. Ndotoni utaendelea kupumua tu, maana pua yako halisi iko wazi kitandani. Lakini wateja hawaipendi. Swichi inatosha."

"Swichi," alirudia mzee, akafumba macho.

Haikuchukua muda. Kioo kando ya kitanda, kilichounganishwa na kilemba, kilionyesha mawimbi ya usingizi, kisha yale membamba ya ndoto-macho. Midomo ya mzee ikacheza. "Namkunda, ngoja," alisema, na uso wake ukalainika.

Hapo ndipo giza lilipoanguka. Taa, kioo, muungurumo wa kilemba, vyote kwa pamoja.

Aikande alikaa akishangaa kama aliyepigwa kofi. Moshi ilikuwa imesahau kukatika kwa umeme. Mgao lilikuwa neno la hadithi, watoto waliambiwa na babu zao wakadhani wanadanganywa. Betri ya akiba ipo, alijiambia, kisha akakumbuka kwamba watu wa vinyunyizi waliiazima asubuhi ile kwa ajili ya theluji yao. Akatoka akipapasa ukuta wa korido kutafuta tochi.

Alikuwa ameishika mkononi aliposikia, kutoka chumbani, tak.

Kimya.

Tak. Tak.

Alijua sauti ile, na alijua mzee alikuwa amepata jibu gani. Alikimbia. Kitanda kilikuwa kitupu, kilemba kiko sakafuni. Mlango wa barazani, ambao kufuli yake ilishikwa na umeme, ulikuwa umejiachia wazi na pazia linapepea.

Mzee Mgonja alikuwa amepanda kiti, miguu mitupu, mguu mmoja umeshavuka ukuta mfupi wa baraza. Alikuwa anatabasamu.

"Mzee! Umeamka! Shuka hapo!"

"Swichi imekataa," alijibu kwa upole. "Si wewe uliyenifundisha?"

"Umeme umekatika!"

"Moshi?" Alicheka kwa dhati. "Umeme ukatike Moshi! Hata ndoto ingetunga uongo wenye akili zaidi."

Aikande alisogea hatua moja.

"Usinikaribie, utaniamsha. Nimefurahi taratibu kama ulivyosema. Alikuwa mbele yangu kidogo tu, kavaa sweta lake la kijani, anaelea. Kaniambia, twende."

Upepo ulimpeperusha shati. Aikande alitafuta neno. Amwambie ajifinye? Alishamwambia hakuthibitishi kitu. Amwambie ataanguka? Alishamwambia hakuna kuanguka. Milango yote alikuwa ameifunga mwenyewe, kwa kujibu vizuri.

"Bana pua," alisema. "Bana pua, funga mdomo."

Tabasamu la mzee lilififia. Akageuza uso. "Sitaki."

Aikande akamwelewa. Mzee hakuwa na uhakika hata kidogo, na pua aliiogopa kwa sababu ingesema kweli. Akiwa macho, basi Namkunda yuko Usangi chini ya udongo.

Kumbembeleza kusingefaa. Aikande akaweka mikono kiunoni.

"Kumbe ndivyo! Tumedanganywa miaka yote kwamba Wapare ni wabishi. Kumbe waoga!"

Mzee aligeuka. "Mchaga, usinichokoze."

"Si mimi ni ndoto yako? Basi umeota Mchaga anakushinda hoja ndani ya kichwa chako mwenyewe, na umenyamaza kama uliyemwagiwa maji. Wazee wa Usangi wafunike nyuso zao."

"Nani kanishinda?"

"Mimi. Nasema uko macho. Wewe unasema unaota. Ushahidi uko katikati ya uso wako na unauogopa."

Mzee alimtazama kwa hasira ya mtu aliyekatizwa kesi. "Nikipumua je?"

"Ukipumua, ruka. Nami nitatangaza sokoni kwamba makande yenu yanashinda ndizi zetu za machalari."

"Na supu yenu ya mtori."

"Na mtori, Mungu anisamehe."

Akafunga mdomo. Mkono mmoja ukashika ukuta, mwingine ukabana pua.

Aikande alikitazama kifua chake. Hakikupanda. Mashavu yakavimba, mishipa ikasimama shingoni, machozi yakamlengalenga, naye bado hakuachia. Mbishi, mbishi mpaka mwisho, alitaka kumshinda Mchaga kwa kufa! Aikande alinyatia hatua, na nyingine. Uso wa mzee ulikuwa umeshapiga weusi mdomo ulipofunguka wenyewe, na hewa ikaingia kwa kishindo.

Akatazama chini. Akaona watu wadogo kama siafu. Akang'ang'ania ukuta kwa mikono yote miwili.

Aikande alimkumbatia kiunoni, wakaanguka wote wawili sakafuni.

"Kumbe ni kweli," mzee alisema, akihema.

"Ndiyo, mzee. Umekatika."

"Si umeme." Alifunika uso. "Namkunda."

Aikande alimwongoza ndani, akavuta pazia, wakaketi ukingoni mwa kitanda, tochi katikati yao. Mzee akasema, "Siku ya mazishi, watani walikuja. Niliwafukuza getini. Nilisema mke wangu si mchezo. Watu wakanisifu, mzee jasiri, hakutoa hata chozi." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Bado wapo hao?"

"Tupo."

"Waje nyumbani. Jumamosi."

"Tutakuja. Sweta la kijani nalivaa mimi. Alikuwa anatembeaje?"

"Kama anayemkimbiza kuku na hataki kuku ajue," alisema mzee, na kicheko kikamtoka, kikavunjika katikati.

Umeme ukarudi. Taa ikawaka, na kilemba sakafuni kikaanza kuunguruma. "Mpendwa mteja," ilisema sauti yake tamu, "ndoto yako ilikatizwa. Je, tuendelee pale ulipoishia?"

Aikande aliung'oa waya ukutani. Mzee Mgonja akainuka, akaenda hadi kwenye swichi, akaibonyeza. Taa ikazimika pale pale.

"Kaa, mtani," alisema kutoka gizani. "Nataka kulia."