Mikono ya Endalkachew

Kibodi ilikuwa na joto.

Wubit aliinua mikono haraka, akavitazama viganja vyake. Alikuwa wa kwanza kufika ofisini asubuhi ile. Mlango aliufungua mwenyewe, kompyuta hakuwa ameiwasha, na nje baridi ya msimu wa mvua ilikuwa imeushika mtaa mzima wa Kazanchis. Humo ndani kila kitu kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni: kiti, meza, kikombe cha jana. Vitufe peke yavyo ndivyo vilivyokuwa na joto, joto la kitanda alichotoka mtu sasa hivi.

Akajiambia ni umeme. Mtu anayeihitaji kazi hujiambia mengi.

Walionisimulia haya bado tunaishi nao hapa Addis Ababa, na ukiwauliza siku ya mvua watakuomba mzungumze mengine.

Wubit alikuwa kwenye muda wa majaribio. Ofisi yao, nyumba kuukuu yenye sakafu ya mbao, ilitengeneza programu za zahanati za mikoani, na kazi karibu yote ilifanyika kwenye kompyuta za mbali, kupitia mtandao unaokwenda kwa kuchechemea. Kwa hiyo mkuu wao, Mulatu, hakutaka kuona kipanya juu ya meza. Wote walitumia kihariri kimoja cha kizamani, programu ya kuandikia: kioo cheusi, hakuna picha, hakuna pa kubofya, kila jambo ni vidole.

"Kina hali mbili," Mulatu alimweleza siku ya kwanza. "Kuna hali ya kuandika. Ukibonyeza herufi, inatokea herufi. Na kuna hali ya amri. Hapo herufi haiandikwi, inatenda. Hii inashuka mstari, hii inapanda, hii ukiigonga mara mbili mstari umekufa. Ukisahau uko hali gani, umeumia."

"Na kutoka je?"

Bezawit, wa meza ya pili, alicheka mpaka chai ikampalia. "Kutoka! Shoga yangu, mimi siku ya kwanza nilikwama humo mpaka nikang'oa waya ukutani."

"Kitufe cha pembeni, juu kushoto," Mulatu akasema, uso mkavu. "Hicho kinakurudisha kwenye amri. Halafu nukta pacha na herufi q. Ukiongeza alama ya mshangao unatoka bila kuhifadhi. Lakini hiyo iogope. Chochote ulichokuwa hujahifadhi, hukioni tena."

Siku za mwanzo zilikuwa za kuaibika. Wubit alitaka kuandika "mgonjwa", mistari ikaruka, ikajirudia, ikafutika. Bezawit akamtania: "Pole pole, dada, unaua zahanati nzima." Jioni alirudi nyumbani vidole vimekakamaa, akamwambia shangazi yake, Wosene, kwamba kazi hiyo haiwezi. Wosene ndiye aliyemlea, na sasa ndiye aliyekuwa akimtunzia binti yake mdogo, Soliyana.

"Utaiweza," Wosene alisema huku akipepeta kahawa. "Ulipoanza kumimina mikate ya injera ulikuwa unapika ramani ya dunia. Leo je?"

Akaiweza. Akaiweza upesi mno.

Ilitokea alasiri moja ya mvua ya mawe. Mabati yalikuwa yakipiga kelele kiasi kwamba hakuna aliyesikia vitufe, na Wubit alikuwa akirekebisha sehemu inayopima dozi za watoto. Alijua anachotaka kufanya. Kabla hajafikiria njia, kilikuwa kimeshafanyika. Mistari ilijipanga, ikahama, ikajirekebisha, na vidole vyake vikawa vinatembea kama vya mtu anayesuka nywele huku akipiga soga. Alipogeuka, Bezawit alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mdomoni.

"Hiyo nani kakufundisha?"

"Ipi?"

"Hiyo uliyofanya sasa hivi. Vitufe vitatu, halafu ile ya kugonga kwa kidole gumba." Sauti yake ilishuka. "Hiyo haimo kwenye mafunzo, Wubit. Hiyo alikuwa nayo mtu mmoja tu. Endalkachew. Alikuwa anakaa hapo ulipokaa."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika kabla ya Pasaka." Bezawit akatazama dirishani. "Hakuna aliyekuwa anaandika kama yule. Mwishowe akawa hali, halali. Walipompeleka hospitali hakuwa akimjua mtu, lakini vidole vilikuwa vinaendelea kwenye shuka. Mama yake alikuwa kando ya kitanda siku zote. Vidole havikusimama. Mpaka alipokata roho."

Mwingine angeinuka hapohapo akahama meza. Lakini Mulatu alikuwa amepita asubuhi ile akaitazama kazi ya Wubit, akasema neno ambalo wenzake hawakuwahi kulisikia kinywani mwake: "Safi." Baba yake Soliyana alikuwa ameshakwenda zake, na nyumbani wote walikuwa wakimtegemea yeye. Basi Wubit alibaki. Na kesho yake, ofisi ikiwa bado tupu, aliviwekea vile vitufe vyenye joto kikombe cha kahawa ya kwanza, kando, kama anavyowekewa mgeni, na akanong'ona: "Ahsante."

Hapo ndipo alipoufungua mlango mwenyewe.

Ikaanza harufu, manukato matamu ya kizamani yanayokaba koo, na chini yake kitu kama nywele zilizoungua. Alinawa, alifua, alibadili gauni, nayo ikabaki mikononi. Siku moja dukani mkono wake wa kulia ulinyanyuka wenyewe ukashika chupa ya manukato ambayo hakuwa ameiona, na hakuweza kukunjua vidole mpaka alipokubali kuichukua. Mezani mchana, wenzake wakila sinia moja, vidole vilikuwa vikigongagonga ukingo wa injera, na Bezawit akaacha kula, akasogea, akasingizia tumbo. Na kila alipotaka kuvituliza vilitulia, kwa adabu, kama mtumishi anayejua kwamba muda si mrefu yeye ndiye atakuwa bwana.

Jumapili mchana walikuwa nyumbani. Mvua ilikuwa imepumzika, Wosene anakaanga kahawa, moshi umejaa chumba. Soliyana alikuwa amelala kifudifudi juu ya mapaja ya mama yake, na Wubit akimpapasa mgongo.

"Mama," mtoto akasema polepole, kama anayetoa siri, "mkono wako unaniuliza jina langu."

Wosene akaacha kutikisa kikaango.

"Unakuuliza vipi, mwanangu?" akamuuliza mtoto.

"Kwa vidole. Unauliza, unauliza."

"Na wewe umeuambia?"

"Nimeuambia."

Kahawa iliungua na hakuna aliyeijali. Wosene alimnyanyua mtoto, akamkabidhi kwa jirani, akarudi, akaushika mkono wa mpwa wake, akaunusa. Miaka ya ujana wake yeye mwenyewe alikuwa kiti cha jini. Zari, kama watu wa kwetu wanavyoliita jini la kupanda kichwani, lilimkalia mpaka alipopungwa, na harufu ile hakuwa ameisahau.

"Umelipa nini?"

"Kahawa tu, shangazi. Na ahsante."

"Kahawa tu! Mjinga wee. Waliokupa chakula unawasahau, asiyekujua unamshukuru." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Twende huko ofisini. Sasa hivi, jua lingalipo."

Walimpitia Bezawit, kwa sababu Wosene hakujua kusoma na alihitaji mtu wa kumsomea. Wubit mwenyewe alifunikwa uso kwa shuka jeupe la shangazi yake. "Kiti hakitazami kilichokikalia," Wosene alisema. Wakamkalisha mbele ya kile kioo cheusi, kihariri kikiwa wazi katika hali ya kuandika, ukurasa mtupu juu ya kazi ya wiki nzima ambayo ilikuwa bado haijahifadhiwa. Wosene akawasha ubani. Mvua ikaanza tena juu ya mabati.

"Wewe nani?" Wosene aliuliza.

Vidole vya Wubit vikaenda.

"'Nilikuwepo kabla ya nyumba hii,'" Bezawit akasoma.

"Sikukuuliza umri. Yule kijana ulimfanya nini?"

"'Alitaka kasi. Nikampa. Yeye akachoka, mimi sikuchoka.'"

"Na huyu?"

"'Alinikaribisha.'"

"Alikukaribisha kwa ujinga. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba yake, nami nakuaga kwa heshima. Sema unachotaka. Manukato? Kondoo mwekundu? Nguo? Utapewa, uende."

Vitufe vikasikika polepole, kimoja kimoja.

"'Mikono hii ni mizuri, lakini imeshakomaa. Nataka ya kukua nayo.'" Bezawit akajitenga na kioo. "Shangazi, sitaki kusoma tena."

"Soma!"

"Siwezi..."

Lakini Wubit hakuhitaji kusomewa, maana wiki zile zote za kujifunza bila kutazama zilikuwa zimemfundisha kila kitufe kilipo, na gizani chini ya shuka, na harufu ya nywele zilizoungua ikimjaa puani, na mvua ikigonga mabati kwa mwendo uleule wa vidole vyake mpaka hakujua kipi kinamfuata mwenzake, alikihisi kidole cha pete cha kushoto kikishuka juu ya S, na cha kulia kikipanda juu ya O, kisha kikitelezea L, na akajua jina hilo ni la nani na linaandikwa kwa ajili gani, na alipotaka kupiga ukelele koo halikutoa kitu, na alipotaka kuvuta mikono, mikono haikuwa yake, ilikuwa mizito kama ya maiti na ya moto kama jiko, ikiendelea, kwa utulivu, kutafuta I.

Kichwa kilikuwa bado chake. Akakiangusha mbele kwa nguvu zote, upande wa kushoto, kidevu kikapiga meza, akasogea, kikakuta kitufe cha pembeni. Akakibana.

Vidole vikasita, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Herufi zilikuwa zimeacha kuwa maneno. Katika mshangao ule, mfupi kama kope kufumba, Wubit aliisikia mikono yake ikirudi kwake. Nukta pacha. Q.

"Wubit, kazi yote itapotea!" Bezawit alilia.

"Ipotee," akasema, akagonga alama ya mshangao, na kitufe kikubwa cha kulia.

Kioo kikawa kitupu. Sakafu ya mbao ililia kuanzia chini ya kiti chake mpaka mlangoni, ubao kwa ubao, na mlango ukajibamiza kwa nje. Kisha mvua ya kawaida tu. Bezawit aliigusa kibodi kwa ncha ya ukucha: baridi kama sahani ya bati.

"Mwanangu," Wosene alisema, "jifunue sasa. Kimekwenda."

Wubit alipeleka mikono usoni, akaupapasa ule ukingo wa shuka, akaupapasa tena. Hakujua jinsi ya kuushika.

Mulatu aliwahi kumwambia kuhusu kutoka bila kuhifadhi. Kilichoondoka kilikuwa kimejiandika juu ya kila kitu ambacho mikono ile iliwahi kujifunza, nacho kilichukua vyote. Hakuweza kufunga kifungo. Hakuweza kumsuka binti yake. Wosene alimpeleka mlimani Entoto kwenye maji ya baraka, alfajiri baada ya alfajiri, na Wubit akarudi ametakasika na anatetemeka kwa baridi, na mikono ni ileile ya mtoto mchanga. Akaanza upya: kijiko, kalamu, kitana. Soliyana alikuwa akimcheka na kumsaidia, na Wubit akashukuru kila alipoviona vile vidole vidogo vikikosea.

Mulatu hakumfukuza. Alileta kibodi mpya, akavuta kiti, akaanza: "Hii inashuka mstari. Hii inapanda."

Mvua zilipokwisha na maua ya manjano yakachanua mjini, Wubit alimwomba Bezawit ampeleke kwa mama yake Endalkachew, akampe mkono wa pole. Mama Yeshimebet aliwapokea kwa furaha. Wafanyakazi wenzake mwanawe walikuwa wameacha kuja. Akatandaza nyasi sakafuni kwa heshima ya wageni, akawakaangia kahawa. Alizungumza mengi, juu ya utoto wa kijana wake, juu ya ukaidi wake. Kisha akatazama makaa.

"Kuna jambo nataka kuwauliza nyinyi mnaojua hizi mashine," akasema. "Siku za mwisho alikuwa hanijui. Lakini jioni moja alinijua. Akaniambia, mama, nibonyezee, mimi mikono haipo. Nikamuuliza, nikubonyezee nini, mwanangu? Akasema, kile cha pembeni, mama, nitoke. Alinibembeleza hivyo mpaka sauti ikaisha. Mimi nikambonyeza bega, nikambonyeza kiganja. Sikujua anataka kipi." Akamtazama Wubit. "Kilikuwepo kitu hicho kweli? Au ni homa?"

Bezawit aliinamisha uso. Wubit alikishika kikombe kwa mikono miwili, maana mmoja bado ulikuwa haujui.

"Ni homa, mama," akasema. "Hakikuwepo."

Mama Yeshimebet akavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo njiani. Akamjazia kikombe tena.