Mlango wa Hashim

Haya, cheka. Cheka umalize, kisha ufunge kinywa. Wewe ndiye unayesema majini ni ya watu wasiosoma, na jua likizama huendi chooni peke yako. Nyumba yenyewe ipo Likoni, upande wa Mtongwe. Nenda kapige hodi uone nani atakayekuitikia.

Jalila alikuwa fundi rangi wa kufanya mbao zionekane chuma. Hewa ya chumvi hula chuma, na watu bado wanataka mlango wa kumtisha mwizi. Basi alipiga ubao msasa, akabandika vidonge vya puti mfano wa vichwa vya misumari, akapaka kijivu, akausugua kwa unga mweusi wa betri kuukuu mpaka ukang'aa. Ungeapa ni chuma hadi uugonge.

Marehemu mumewe, Hashim, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Hakumwachia mtoto; alimwachia mlango wa chuma. Kutu ilipoutoboa, Jalila akauuza kwa watu wa vyuma chakavu, akatia wa mbao, akaupaka ufanane na ule wa kwanza. Hata pale mkono wa Hashim ulipoteleza akachomea kombo, alipachora.

Rangi ilipokauka akaufunga. Ukalia ngaa! Kama chuma. Akaugonga kwa kidole: ko, ko. Mbao. Akalaumu masikio yake.

Kisha ikaja harufu. Kila alasiri chumba kilinuka chuma kilichoungua, harufu iliyokuwa ikirudi na shati la Hashim. Kiti chake kikaanza kulia kama kimekaliwa. Siku moja, anakuna nazi, sauti ikamwita kwa nyuma.

"Jalila."

"Abee," ikamtoka kabla hajafikiri.

Tangu hapo akawa anapakua sahani mbili. Yeye mwenyewe hali, anakonda, na usoni ana furaha ya bi harusi.

"Mama, waongea na nani humo?" akauliza jirani yake Pascalia.

"Redio."

"Redio gani hiyo unaibembeleza ile ishibe?"

Pascalia ni mtu wa bara na mtu wa kanisa, lakini ndiye aliyemwendea mganga, Bi Mwanatabu. Bibi yule alifika kizingitini akagoma kuingia. Akaukwangua mlango kwa ukucha, ikatoka mbao.

"Nani kakwambia uondoe chuma?" akanong'ona. "Majini hawapiti penye chuma. Mumeo alikukinga, nawe ukaweka picha ya kinga."

"Basi mfukuze," Jalila akasema, akimweleza jinsi alivyoitikia.

"Nimfukuze vipi, nawe umemwitikia abee? Huyo sasa ni mwenyeji. Nitapigilia misumari ya chuma, afungiwe humo. Lakini wewe utoke, usirudi. Ukibaki, tutakuja kukuosha tukuvike sanda."

"Nyumba ya mume wangu, Bi Mwanatabu. Niende wapi?"

"Kwangu kuna chumba," Pascalia akasema, akitazama chini.

Misumari ikapigiliwa kwenye ubao, mlango ungali wazi. Jalila akaingia kuchukua brashi zake na kanga mbili, na alipoinama harufu ile ikamjia mpaka kooni, kiti kikalia, kikanyamaza, na kitu kikasimama karibu na mgongo wake, na sauti ya Hashim, ile ile ya kutoka kazini amechoka, ikamuuliza taratibu, "Jalila, waniacha na nani?"

Hakugeuka.

"Pale ulipochomea kombo," akasema, "nilikucheka nikikuitaje?"

Nje, Pascalia alikuwa akisali kwa Kikamba.

"Nikikuitaje, Hashim?"

"Nitakuwa yeyote umtakaye," sauti ikasema. "Kaa tu."

Jalila akafumba macho. Kwamba si yeye, alikuwa amejua tangu sahani ya kwanza. Akafunga brashi ndani ya kanga, akavuka kizingiti, akauvuta mlango nyuma yake. Ukafungika kwa mlio wa mbao, si ngaa tena.