Namba Kubwa Kuliko Televisheni

Kila asubuhi Zablon alifuta vumbi kwenye televisheni kabla ya kufungua chumba chake cha gemu za kulipia. Kijiji cha Masara hakina uhaba wa vumbi. Vinu vya kusaga mawe ya dhahabu hunguruma tangu alfajiri, na vumbi lake haliombi mtu ruhusa ya kuingia.

Zablon aliyajua mashimo ya dhahabu. Mwaka jana shimo liliporomoka akiwa ndani. Alitolewa mzima, lakini tangu siku ile hata giza la chooni lilimtia hofu. Aliapa hatashuka tena. Akanunua mashine ya gemu na televisheni ya mtumba.

Jumamosi moja aliingia kwenye mipangilio ya mashine. Akaona namba za ubora wa picha: 720, 1080, 2160. Mchimba dhahabu ameizoea mizani, na kwenye mizani hakuna anayetaka namba ndogo. Zablon akachagua 2160.

Skrini ikawa nyeusi tii.

Kiwewe kikampanda. Akabonyeza kila kitufe cha padi ya kuchezea. Giza halikuondoka.

"Robi! Nimeua TV!" alimwita mkewe.

Robi alikuja mbio. "Umefanya nini, Baba Lynnet?"

"Nimeweka namba kubwa, sasa hakuna kitu. Na Job mwenye shimo anatafuta mtu wa kushuka Jumatatu. Hii ikikufa, si nitarudi huko chini?"

Zablon aliuona woga usoni mwa mkewe, na wake ukazidi. Robi akatoka kumwita Mourine, jirani yao, fundi wa simu na redio.

Mourine alipoingia, Zablon alikuwa bado anabonyeza.

"Wacha kubonyeza, omera, ndugu yangu! Ulibonyeza hivyo giza ilipoingia?"

"Sana."

"Hapo ndio ulikosea. Ungengoja tu. Ukiweka namba TV haiwezi, mashine inangoja kidogo, halafu inarudi kwa ile ya zamani. Wewe ukabonyeza, ikafikiri umekubali."

"Kwa hivyo imekufa?"

"Haijakufa. Inaletewa picha haiwezi kusoma."

Mourine aliigeuza televisheni. Kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma paliandikwa 1080.

"Picha ni nukta ndogo ndogo," alisema. "TV yako iko na mistari 1080 ya nukta, toka juu mpaka chini. Mashine ikituma 2160, TV haiwezi kuongeza mistari. Namba ya mashine ifuate ya TV."

Akaizima mashine kabisa. Akaunganisha padi kwa waya. Kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia, akakishikilia. Zablon alifumba macho. Akasikia mlio mmoja. Kimya. Mlio wa pili ukasikika.

"Sasa naachilia," Mourine alisema. "Imewaka kwa namba ndogo kabisa. Fungua macho."

Maandishi makubwa, yenye kingo mbaya, yalikuwa kwenye skrini.

"Chagua wewe," Mourine alimwambia. "Lazima ujue."

Zablon akaweka 1080. Skrini ikazima kidogo, na Zablon nusura abonyeze tena.

"Toa mkono!"

Akautoa. Picha ikarudi, na mashine ikauliza kama anaiona.

"Ukiona, kubali. Usipoona, ngoja."

"Na kama sijui namba ya TV?"

"Weka otomatiki. Mashine itauliza TV yenyewe."

Uwanja wa mpira ukatokea, majani ya kijani kibichi, namba za jezi zikisomeka vizuri. Robi akacheka kwa sauti. Zablon aliketi kwenye benchi akalia mbele yao, bila aibu.

Alipomaliza kufuta uso, akampigia Job simu.

"Job, tafuta mtu mwingine ya Jumatatu. Mimi sishuki."

"Hata siku moja tu, Zablon?"

"Hata nusu siku."